Semina ya walimu wa hisabati na sayansi Tabora: laki mbili zangu zilikwenda wapi

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza nililoulizwa stafu niliporudi. Ada ilikuwa shilingi 80,000 kwa siku tano, chai na chakula cha mchana humo humo. Gesti karibu na stendi nililala usiku sita, 15,000 kila usiku. Nauli na bodaboda 30,000. Ukijumlisha ni laki mbili kamili, na zote zilitoka mfukoni mwangu. Posho sikupewa na hakuna aliyenituma. Mkuu wa shule alinisainia ruhusa, akanitakia safari njema, basi. Nayasema mapema ili nitakapomsifu mtu usidhani amenilipa.

Chuo kikuu chenyewe kipo hapa Tabora mjini na jina lake sitalitaja, kwa sababu nitasema mambo ya jikoni mwao na mji wetu mdogo. Huduma yao iko hivi: likizo ya Juni mnakaa nao siku tano, halafu kati ya Agosti na Oktoba mhadhiri mmoja anakufuata shuleni kwako mara tatu. Mimi nafundisha hisabati na fizikia shule ya kata upande wa Uyui, huu mwaka wa kumi na nne. Kidato cha Pili mkondo A nina wanafunzi 94. Hiyo 94 ishike, tutairudia.

Siku ya kwanza niliichukia. Kujitambulisha hadi saa nne. Mgeni rasmi akachelewa, akaja, akasoma hotuba, akaondoka na msafara wa watu watatu. Tukaandika matarajio yetu kwenye manila, tukayabandika ukutani, na hakuna aliyeyasoma tena hadi Ijumaa mfagizi alipoyabandua. Baada ya chai mhadhiri mmoja alitufundisha ufundishaji shirikishi kwa saa mbili na robo, akiwa ametugeuzia mgongo, anasoma ukutani maneno madogo kama punje za uwele. Swali hakuuliza hata moja. Pembeni yangu kulikuwa na mwalimu wa kemia kutoka Sikonge, mtu mzima, tulikuwa tunamwita Mzee. Akaninong'oneza, "Madamu, hapa mimi nashirikishwa usingizi tu." Kama gesti nisingekuwa nimeshailipia, jioni ile ningepanda basi.

Siku ya pili akaingia mhadhiri mwingine, tulimwita Daktari. Alikuja na kikapu cha ukili, na ndani yake jiko la mchina, sufuria, chupa ya maji na vipimajoto viwili. Hakusalimia kirefu. Akauliza maji yanachemka nyuzi ngapi. Tukajibu kwa kiitikio kama watoto wa darasa la tatu: mia moja! Akataka kila mtu aandike kwenye karatasi na kusaini. Tukasaini, wengine kwa mbwembwe.

Akawasha jiko. Zebaki ikapanda: 80, 90, 94, 96. Hapo ikasimama. Maji yanatokota, mvuke unapanda, na sisi tumeinama juu ya sufuria kama tunasubiri ugali. Zikapita dakika tano. Ni 96.

Mzee wa Sikonge akasema kipimajoto kibovu. Daktari akatia cha pili. Nacho kikasema 96. Mmoja akadai maji ya Tabora yana chumvi. Daktari akacheka kidogo, akamkumbusha kwamba chumvi hupandisha kiwango cha kuchemka, haikishushi. Kimya. Watu wenye shahada, wengine na miaka ishirini kazini, tumekodolea sufuria.

Hakutueleza yeye. Alituuliza Tabora iko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Mwalimu wa jiografia aliyejipenyeza kwenye semina yetu akasema mita 1,200 hivi. Mkoba ukafunguka. Ukipanda juu, hewa iliyo juu ya kichwa chako inapungua, mgandamizo wake juu ya maji unapungua, na maji yanachemka kabla ya kufika mia. Kwa kukadiria, kila mita 300 zinaondoa nyuzi moja. Gawanya 1,200 kwa 300, upate nne, toa kwenye mia. Hesabu ya mtoto wa darasa la tano, na jibu lake lilikuwa limeganda kwenye kipimajoto mbele yetu. Mwenzetu mmoja aliyetoka Kigoma akauliza kwao je. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 na ushee, tukapata kama 97 na nusu. Akaiandika daftarini, akapiga mstari chini mara mbili.

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Mwaka 2016 nilisimamia jaribio la fizikia Kidato cha Tatu, na kijana mmoja aliandika kwamba maji yake yalichemka 96. Nikampa sifuri. Kwa wino mwekundu nikaongeza: "Soma kipimajoto vizuri." Alinifuata ofisini, akasimama mlangoni, akasema, "Madamu, nilisoma mara tatu." Nikamwambia aende darasani. Wenzake waliopata maksi walikuwa wameandika 100 kutoka kwenye kitabu bila kutazama chochote, na mimi nikawapa vema.

Walimu wengi wa sayansi nchini tunakijua kisa cha Erasto Mpemba, tunakisimulia kwa majivuno kabisa. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba kule Lushoto, aliona mchanganyiko wa aiskrimu ulioingizwa ukiwa moto unaganda kabla ya uliopoa. Akamuuliza mwalimu wake, akapuuzwa na kuchekwa. Baadaye alipokuwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuwatembelea, naye badala ya kucheka akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kuhusu jambo hilo. Kila nilipokisimulia kisa hiki nilijiweka upande wa Osborne. Siku ile, mbele ya sufuria ile, nilijua mimi ni yule mwalimu mwingine.

Basi hiyo saa moja peke yake, kwangu, ilirudisha ada.

Mchana wake akatugawia kadi nne za rangi, A, B, C na D. Akarusha chungwa juu, akalidaka. Pale juu kabisa, linapokuwa limesimama kwa kufumba na kufumbua, ni kani gani zinalivuta au kulisukuma? Hewa tuiache. Unanyanyua kadi bila kumtazama jirani. Zaidi ya nusu yetu tukanyanyua ile iliyosema hakuna kani, au kani mbili zimelingana. Jibu ni uzito wake tu, muda wote, kupanda, kusimama, kushuka. Kabla ya kutuambia alitaka kila mmoja amgeukie jirani aliyenyanyua rangi tofauti na kumshawishi, halafu tunyanyue tena. Mara ya pili walio sahihi walikuwa wengi, na yeye alikuwa hajasema neno. Njia hii, alisema, ni ya Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard kule Marekani, aliyegundua kwamba wanafunzi wake wanakokotoa maswali magumu vizuri lakini swali jepesi la kuelewa linawaangusha. Nikajisemea, kumbe hata huko.

Siku ya tatu ilikuwa ya kuandaa andalio la somo, hakuna la kusimulia.

Siku ya nne ilikuwa ya densiti, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake, na hapa walituweza kwa kutumia asali. Tabora bila asali utafundisha nini? Daktari alikuwa amenunua chupa mbili sokoni jioni, kwa wauzaji wawili, wote wamemwapia ni asali tupu ya msituni. Tukapima lita ya maji: kilo moja. Tukapima chupa ya kwanza, ujazo ule ule: kilo 1.4 na kidogo. Ya pili haikufika 1.3. Chumba kizima kikaguna. Asali nzuri inacheza kwenye 1.4, na ukiongeza maji inashuka, mizani haina undugu. Wanafunzi wangu wengi baba zao wana mizinga. Nimefundisha densiti miaka kumi na tatu kwa kutumia kipande cha chuma ambacho shule haina, nachora ubaoni mchemraba na kuandika pembeni yake neno "chuma".

Sasa sehemu iliyonifanya niandike yote haya, ziara za shuleni.

Agosti Daktari alikuja kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Tulikubaliana afundishe yeye, mimi nitazame. Mada ilikuwa logi (logarithimu), Kidato cha Pili A, wale 94, watano kwenye dawati la watatu, bati juu, saa sita mchana. Alisimama akaanza kwa Kiingereza kizuri sana. Akaandika fasili. Akaandika sheria ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akatoa mfano. Ubao ukajaa, akafuta, ukajaa tena. Dakika ya ishirini na tano safu ya nyuma ilikuwa inavuma kama mzinga. Waliokuwa mbele wananakili, na nawajua wale, wananakili ili mkono usikae bure.

Binti mmoja wa dawati la tatu akanyoosha kidole. Akaomba kuuliza kwa Kiswahili. Daktari akanitazama, nikaitikia kwa kichwa. Binti akasema, "Shikamoo Daktari. Hii logi kazi yake ni nini?"

Daktari akajibu, "Itakusaidia huko mbele."

Jibu hilo mimi nimelitoa miaka kumi na nne. Sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwa mwingine, tena mwenye shahada ya uzamivu. Binti akasema asante, akakaa, akafunga daftari. Taratibu, bila jeuri. Afadhali angeguna.

Tulikaa chini ya mwembe baadaye. Alikunywa maji kwanza, kikombe kizima. Kisha akasema, "Madamu, chuoni nina watu mia na ishirini, na sijawahi kuulizwa hivyo." Nikamwambia, kwa adabu lakini nikamwambia, kwamba hao mia na ishirini ndio wanaoletwa kwetu kufundisha, na wanakuja wakifundisha kama yeye alivyofundisha leo, na mimi pia nilifundishwa hivyo, ndiyo maana tuko hapa. Mwaka 2022 waliofaulu hisabati Kidato cha Nne nchi nzima walikuwa kama mmoja kati ya watano. Watu wakiziona namba hizo wanaitazama shule ya kata. Chuo hakitazamwi na mtu. Hakubisha. Alitoa kijitabu mfukoni akaandika, sijui nini.

Septemba alinipigia Jumapili jioni kuuliza nina vikundi vingapi. Nikamwambia sita sita, vikundi kumi na sita, na asilete projecta, sola yetu inawasha taa za ofisi tu. Alikuja na manila zilizokatwa vipande vyembamba, vimeunganishwa kwa gundi hadi mita moja, thelathini na viwili, viwili kila kikundi. Hakuandika fasili. Aliwaambia wafungue jedwali, watafute logi ya 2. Wakasoma 0.3010. Basi, weka alama ya 2 kwenye sentimita 30.1. Logi ya 3 ni 0.4771, weka 3 kwenye 47.7. Namba 1 ikae mwanzoni kabisa, 10 ikae mwisho. Wakaendelea hivyo namba zote. Kelele! Mwalimu wa zamu alikuja na fimbo akidhani darasa halina mtu.

Vipande vilipokamilika akawaambia: chukua 1 ya kipande cha pili, iweke kwenye 2 ya kipande cha kwanza. Sasa tafuta 3 kwenye kile cha pili. Chini yake pana nini? Sita. Sogeza 1 kwenye 4, tazama 2. Nane. Wengine wakaanza kujaribu bila kuambiwa, mbili kwa tano, tatu kwa tatu. Yule binti wa dawati la tatu alitulia na vipande vyake muda mrefu. Kisha akasema, hakunyoosha hata kidole, "Kwa hiyo tunajumlisha urefu, lakini namba zinazidishwa?"

Daktari alisimama na chaki hewani. Ndiyo hiyo tu, logi yote iko hapo. John Napier alizitoa mwaka 1614 ili watu waliokuwa wakihesabu mienendo ya nyota wasife kwa kuzidisha, na rula za aina ile zilikuwa mezani kwa mainjinia mpaka kikokotozi kilipoingia miaka ya sabini. Haya aliyasema mwishoni, kwa Kiswahili, dakika tatu hazikufika. Kisha akaandika sheria ya kwanza kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani utakuja kwa Kiingereza, na safari hii walioinama kuandika walikuwa wanajua wanaandika nini.

Muujiza sitaudai. Wiki iliyofuata niliwapa jaribio fupi, na kama thelathini walikosea, wakaandika kwamba logi ya 6 ni logi ya 2 mara logi ya 3, badala ya kujumlisha. Zamani wangekuwa sitini, au wangeacha wazi. Na kazi ya kukata manila kwa vikundi kumi na sita si ya kufanya kila wiki, nikiwa na vipindi ishirini na sita na zamu juu yake. Daktari anakata mara moja, mimi nipo pale kila siku. Hilo nililimwambia pia.

Ziara ya tatu, Oktoba, hakuja. Alikuja kijana msaidizi na fomu ya kutia vema, akakaa nyuma ya darasa, akatia vema, akaomba muhuri wa shule. Nililipia ziara tatu. Nilipouliza chuoni nikaambiwa bajeti ya mafuta imeisha. Daktari mwenyewe aliniomba radhi kwa simu, akanialika nikakae kwenye kipindi chake cha mwaka wa kwanza, Ijumaa moja. Nilikwenda, nauli yangu tena. Nikakaa nyuma kabisa kwenye ule ukumbi, nikaona kadi za rangi zikinyanyuliwa na vijana mia na ishirini, wakigeukiana na kubishana kuhusu chungwa. Juu ya meza yake, pembeni ya laptopu, kulikuwa na vipande viwili vya manila vimekunjamana pembe, na nikavitambua, mwandiko wa namba 7 ni wa mwanafunzi wangu. Ningelipia kuona hilo. Kwa kweli nililipia.

La sanduku la vifaa niliseme haraka. Mwisho wa semina wanakuuzia sanduku, 120,000, wanaliita maabara ndani ya begi. Shule yetu ilinunua. Multimita yake, kile kifaa cha kupimia umeme, nzuri sana, kipimajoto kizuri. Mizani ya springi sifuri yake haiko kwenye sifuri. Lenzi za plastiki zilikwaruzika wiki ya pili. Sumaku haiwezi kubeba pini tatu. Sirinji zimo, lakini za duka la dawa ni zile zile na bei ni karibu na bure. Usilinunue. Omba wakuuzie multimita peke yake. Mimi niliambiwa haiwezekani, labda wewe utakuwa na bahati.

Chakula: wali maharage siku nne, siku ya tano wali na kuku mwenye mifupa mingi. Maharage yalikuwa magumu, na baada ya lile somo la jiko kila mtu mezani alikuwa mtaalamu wa kueleza kwa nini Tabora yanachelewa kuiva.

Cheti wanatoa, karatasi ngumu, jina langu wamekosea herufi moja. Nimeambiwa nirudi wakirekebishe.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano iko kwenye ile ziara ya Oktoba, wakiileta nitairudisha. Kama unafundisha hisabati au sayansi Tabora, Kigoma au Katavi, nenda, lakini kabla hujatuma ada uliza ni nani atakuja shuleni kwako na tarehe gani, na akuandikie. Siku ya kwanza unaweza kuchelewa bila hasara. Beba sweta, asubuhi za Juni kuna baridi kuliko watu wanavyodhani. Nafasi za mwaka ujao wanaanza kupokea majina Machi. Simu yao mchana haipokelewi, piga saa mbili asubuhi kabla hawajaingia madarasani.

Na kama kuna anayemfahamu kijana aliyemaliza kwetu 2017, mrefu, mkono wa kushoto, aliyewahi kupewa sifuri ya kipimajoto, mwambieni Madamu anamtafuta. Karatasi yake sikuitunza. Ila nina deni la maksi mbili.